Mapendo na upendeleo: maana ya neno moja na asili yake

Si mbali na Murara, katika mji huu huu wa Goma, kuna mtaa unaoitwa Mapendo. Kila siku watu wanamwambia mwenye pikipiki: «Unifikishe Mapendo», wala hawafikiri neno wanalolitaja. Nasi tulikuwa hivyo, mpaka siku ile neno jingine la ukoo huo lilipotusimamisha njiani.

Ilikuwa mkutano wa shirika, saa za jioni, hapa Murara, katika uwanja wa nyumba ya mbao iliyojengwa juu ya mawe meusi ya Nyiragongo. Somo lilikuwa barua ya Mtakatifu Yakobo, sura ya 2: habari ya tajiri mwenye pete ya zahabu anayepewa kiti kizuri, na maskini anayeambiwa asimame kule. Mwalimu wa dini, mtu mwema mwenye bidii, alifasiri neno upendeleo hivi: «Upendeleo ni mapendo yaliyopita kipimo.» Mama mmoja mzee akainua mkono, akasema: «Mwalimu, kama ile ni mapendo, juu ya nini sisi wengine tunalia?»

Mwalimu alinyamaza. Nasi tulinyamaza. Tukaimba wimbo wa mwisho, tukarudi nyumbani, lakini swali lile lilitufuata.

Tunaandika kurasa hizi ili kumjibu yule mama. Tunawaandikia pia mafratri, mapadri na wakatekista, kwani fasiri ile haikuwa ya mwalimu peke yake. Tumeisikia katika mahubiri mengi, na wengine kati yetu tumeihubiri. Lakini tazameni matokeo yake. Tukiifuata, upendeleo unakuwa kosa dogo la mtu mwenye moyo mkubwa: amependa sana, basi. Na nani atafanya majuto ya kweli kwa kosa la kupenda sana? Ndiyo maana yatupasa kulichunguza neno lenyewe, tuone kama linasema hivyo.

I. Jinsi neno linavyotumika

Tusikilize kwanza watu wanavyosema. Mmoja anasema: «Ninapendelea sambaza kuliko nyama.» Mwingine: «Fratri yule anapendelea falsafa kuliko historia.» Hapa hakuna dhambi hata kidogo. Wa tatu anasema: «Baba yule anapendelea mtoto wake wa mwisho.» Sauti yaanza kubadilika. Wa nne anasema: «Kazi ile ilitolewa kwa upendeleo.» Sasa yeye amekasirika.

Neno ni lile lile. Kilichobadilika ni nini? Katika mfano wa kwanza na wa pili, mtu anachagua kati ya vitu, na vitu havina haki: nyama haiwezi kulalamika ya kama sambaza zimechaguliwa. Katika mfano wa nne kuna watu wawili au zaidi, na mbele yao kuna kitu kimoja ambacho wote wangeweza kukipata kwa haki.

Tuongeze neno jingine. Katika mfano ule wa kazi, je, mwenye kuitoa anampenda yule aliyempa? Labda hampendi hata kidogo. Labda amemjua baba yake tu, au wametoka kijiji kimoja, au anangoja kupata kitu kwake kesho. Hata hivyo watu wote wanasema: ni upendeleo, na wanasema kweli. Ikiwa upendeleo unaweza kuwapo mahali pasipo na mapendo yo yote, basi hauwezi kuwa mapendo yaliyozidi. Kitu kisichokuwapo hakiwezi kuzidi.

II. Asili yake

Shina la neno ni penda. Si neno la kigeni: ni la ukoo wa lugha zetu za kibantu. Wagiriama wa pwani ya Kenya, ambao mara nyingi wanatamka h mahali petu pa p, wanasema kuhendza, na sikio lo lote linatambua undugu. Katika shina hilo sisi tumepata mapendo, kwa kiambishi ma- kinachoonyesha wingi na ujazo, kama katika maji na mafuta. Ndilo neno ambalo Kanisa limelishika katika sala ya mapendo, baada ya imani na matumaini. Watu wa pwani wamepata pia mpenzi na mapenzi, kwani mbele ya i ile d inakuwa z, kama vile linda linavyozaa mlinzi.

Sasa tutazame kiungo cha mwisho. Kiswahili kinajua kuongeza -ea au -ia mwishoni mwa kitendo, ili kuonyesha upande ambao kitendo kinaelekea. Leta, letea: kuleta kwa ajili ya fulani. Pika, pikia: kupika kwa ajili ya fulani. Mara nyingine lugha inaongeza kiungo kile mara mbili. Enda, endea, endelea: mtu aliyekuwa akienda mahali sasa anazidi kwenda, haachi. Vivyo hivyo penda, pendea, pendelea: moyo umeelekea upande mmoja, ukakaa huko, ukaelemea huko. Na kama endelea lilivyozaa maendeleo, pendelea limezaa mapendeleo na upendeleo. Wasomaji wetu wanaofanya kazi katika miradi ya vijiji wanajua vizuri ya kama maendeleo na mapendeleo hayakai nyumba moja.

Basi tulipime neno sehemu kwa sehemu. Kuna u- ya hali, kuna pend-, kuna kiungo cha upande kilichorudiwa, kuna -o ya jina. Hakuna sehemu yenye maana ya «sana», au «mno», au «kupita kiasi». Lugha yetu haikukosa njia za kusema mambo hayo, lakini hapa haikuzitumia. Neno upendeleo haliulizi: umependa kiasi gani? Linauliza: umeegemea upande gani?

Neno hili lina ndugu mmoja ambaye lazima tumtaje. Toka ona tunapata onea. Kwa viungo vyake, kuonea kungekuwa kumtazama mtu tu kwa upande wake. Lakini sote tunajua maana yake leo: kumdhulumu mnyonge. «Usinionee», analia mtoto. Kupendelea na kuonea ni maneno mawili yenye kiungo cha namna moja, na mara nyingi ni majina mawili ya tendo moja. Fikirini meza yenye pande mbili. Anayeketi upande huu anasema: amenipendelea. Anayesimama upande ule anasema: ameniona mnyonge, amenionea. Mkono uliotoa ni mmoja, na saa ni moja.

Hilo ni nusu ya jibu kwa yule mama. Machozi yake hayakutoka katika mapendo. Yalitoka upande wa pili wa meza.

III. Maneno ya mapendo yaliyozidi kweli

Mtu atasema: Je, Kiswahili hakina neno la mapendo yaliyozidi? Kinayo mengi. Watu wa pwani walipokea kwa Waarabu mahaba na huba, maneno mawili ya shina moja la Kiarabu. Walipokea pia ashiki, ndiyo mapendo yanayomshika mtu mpaka akakosa usingizi. Waarabu wa kale walilihusisha neno hilo na jina la mmea utambaao, unaouzunguka mti na kuukaba mpaka mti ukauke. Mganga na mwanafalsafa Ibn Sina, ambaye Walatini walimwita Avicenna na ambaye alikufa mwaka wa 1037, aliiweka hali hiyo kati ya magonjwa katika kitabu chake kikubwa cha uganga.

Majirani zetu wanaosema Kinyarwanda wana gukundwakaza: kumlea mtu kwa mapendo ya kubembeleza mno. Lakini angalieni, wana pia neno jingine mbali na hilo: ubutoni, hali ya yule anayependwa kuliko wengine mbele ya mkubwa. Umutoni ni jina zuri, na wazazi wengi wanampa binti yao. Lakini katika nyumba ya mfalme, mtu akitona, mwingine alipoteza nafasi yake. Hata lugha ile basi imetofautisha mambo mawili: kupenda kupita kiasi, na kumweka mmoja mbele ya wenzake.

Tofauti ni hii. Mahaba yanahitaji watu wawili, na yakizidi, mgonjwa ni yule anayependa. Upendeleo unahitaji watu watatu: anayetoa, anayepewa na anayenyimwa, na anayeumia ni wa tatu, ambaye hakuulizwa neno.

IV. Uso wa mtu

Maandiko Matakatifu yanafundisha vivyo hivyo, lakini kwa picha nyingine. Mahali ambapo Biblia zetu za Kiswahili zinasema upendeleo, Kigiriki cha Agano Jipya kina neno prosopolempsia. Limeungwa kwa maneno mawili: uso, na kupokea. Wagiriki wa zamani hawakulijua. Lilifinyangwa kwa kufuata msemo wa Kiebrania, kuinua uso. Mwombaji aliinama chini mbele ya mkubwa; mkubwa akitaka kumpa neema, alimwinua uso wake. Walatini walitafsiri acceptio personarum. Tazameni: hakuna mapendo hapo, wala kwa Kiebrania, wala kwa Kigiriki, wala kwa Kilatini. Kuna uso tu. Hakimu alipaswa kutazama neno lililoletwa mbele yake, yeye akatazama uso wa aliyelileta.

Ndiyo sababu Mtakatifu Petro, alipoingia nyumbani mwa Kornelio kule Kaisaria, alikiri ya kama Mungu hapokei nyuso (Matendo 10). Petro hakusema ya kama Mungu anapenda kidogo. Alifahamu kwamba Mungu haulizi: wewe ni wa taifa gani? Na kitabu cha Walawi, sura ya 19, kinamkataza hakimu kumwelekea mkubwa, lakini pia kinamkataza kumwelekea maskini kwa sababu ni maskini tu. Sheria inafumba macho ya hakimu pande zote mbili.

Wengine watatukumbusha Yakobo, baba wa Yosefu. Je, yeye hakukosa kwa kupenda sana? Tusome vizuri Mwanzo, sura ya 37. Mapendo yake yalikuwa moyoni, lakini kanzu ilikuwa machoni pa ndugu wote. Ilikuwa uso uliovikwa nguo. Kosa la ndugu halisameheki kwa sababu hiyo. Kumuuza ndugu ni kumuuza ndugu. Lakini tusisahau Yakobo alitoka katika nyumba ya namna gani: Isaka alimpendelea Esau, na Rebeka alimpendelea Yakobo mwenyewe. Aliyetendewa upendeleo aliurithisha. Katika nchi yetu ya Kivu jambo hilo halihitaji maelezo mengi.

V. Mashaka mawili

Shaka la kwanza ni hili. Je, si haki kumpenda mtoto wangu kuliko mtoto wa mwingine, na mama yangu kuliko mgeni? Mtakatifu Tomaso wa Akwino anajibu: ndiyo. Katika sehemu ya pili ya pili ya Summa, swali la 26, anafundisha ya kama mapendo yenyewe yana taratibu, na walio karibu nasi tunawiwa nao zaidi katika mambo yanayohusu ujamaa. Lakini upendeleo hakuuweka hapo. Aliuweka mbali, katika swali la 63, kati ya dhambi zinazopingana na haki ya kugawanya. Mfano wake ni wa shule: ukimpandisha mtu awe mwalimu kwa sababu ana elimu ya kutosha, umetazama sababu inayofaa; ukimpandisha kwa sababu ni mtu fulani, Petro au Martino, umetazama uso.

Basi jibu ni wazi. Sahani ya nyumbani mwangu ni yangu, nami naweza kuanza na watoto wangu. Lakini kitu cha wote kikiwekwa mkononi mwangu ili nikigawanye, mkono ule si wangu tena. Hapo haitoshi kuuliza: nampenda nani? Sharti kuuliza: hiki ni cha nani, na kwa sababu gani?

Shaka la pili ni la mafratri, nao wana haki ya kulileta. Tangu mkutano wa maaskofu wa Amerika ya Kilatini kule Puebla, Mexico, mwaka wa 1979, Kanisa linazungumza juu ya kuwachagua maskini kwanza, na kwa Kiswahili wengi wanatumia neno lile lile, kupendelea maskini. Je, Kanisa nalo linapokea nyuso? Hapana. Maskini hachaguliwi kwa uso wake, bali kwa upungufu wake, na upungufu ni sababu inayofaa: chakula ni haki ya mwenye njaa kabla ya aliyeshiba. Hata hivyo tungeshauri wahubiri waseme «kuwatanguliza maskini». Neno upendeleo lina jeraha katika masikio ya watu wetu. Mwenye kulitumia kwa wema sharti aeleze kila mara, na anayesahau kueleza anafundisha kinyume.

VI. Kalamu na orodha

Tumefika kwenye jambo lililotusukuma kuandika. Tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilipasuka. Moto ulipita katikati ya mji mpaka ziwani. Sehemu ya mji karibu 13 kwa mia ilifunikwa, Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliteketea, na watu zaidi ya 100,000 walibaki bila nyumba. Moto ule haukupokea nyuso. Haukuuliza kabila, wala dini, wala chama.

Baadaye zilikuja orodha. Mahali fulani, ambapo hatutapataja, mtu mmoja wa sala alipewa kalamu kuandika majina ya waliounguliwa, ili wapewe mashitingi na maharagi. Orodha ilipotoka, shemeji zake walikuwamo, ambao nyumba yao ilikuwa ikisimama bado. Mjane aliyelala nje na watoto hakuwamo. Alipoulizwa, mtu yule alijibu kwa moyo safi: «Sikuiba kitu. Nilisaidia watu wangu.» Hakusema uongo. Hakuchukua hata kikombe kimoja cha maharagi. Alijiona mtu aliyependa sana. Ndivyo alivyofundishwa, na labda alifundishwa na sisi.

Sasa mwaona kwa nini fasiri ya neno moja si mchezo wa wasomi. Katika mji ambamo watu wakitafuta kazi, shule au karatasi, wanaulizwa kwanza: «Uko na mtu kule?», kusema ya kama upendeleo ni mapendo yaliyozidi ni kuupa mavazi ya sikukuu. Mwenye kosa anajisifu, na aliyenyimwa anaambiwa ya kama analia kwa wivu.

Kanisa la kwanza lilikutana na jambo lile lile. Katika Matendo, sura ya 6, wajane wa wale waliosema Kigiriki walisahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Mitume hawakuwahubiria wavumilivu wawe wavumilivu zaidi. Hawakusema: ndugu zetu wamependa sana watu wao. Walitaka wachaguliwe watu saba, na majina ya wote saba, toka Stefano mpaka Nikolao, ni majina ya Kigiriki. Kalamu iliwekwa karibu na wale waliolia.

Basi tunawaomba walimu wa dini waache fasiri ile, wachukue hii, ambayo mtoto wa katekisimu anaweza kuishika: Upendeleo ni kumpa mmoja, kwa ajili ya uso wake, kitu kilicho haki ya wengi. Na wakitaka kuonyesha mapendo yaliyozidi kweli, wanaye msalabani Yule aliyependa bila kipimo, na ambaye kwa mapendo yake hakuna mtu aliyenyimwa. Mapendo ya namna ile hayawezi kupita kiasi. Yanaweza tu kupungua, na pale yanapopungua upendeleo unaingia.

Tulirudi katika shirika lile hapa Murara, tukamweleza yule mama haya yote kwa maneno machache. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema: «Ile nilijua. Nilitaka tu nyinyi museme.»

Mafratri wapendwa, kesho au kesho kutwa mtapewa parokia, na pamoja na parokia mtapewa orodha: za watoto wa kulipiwa shule, za wakimbizi, za wagonjwa, za vijana wanaotaka kuingia seminari. Kabla ya kuandika jina la kwanza, fikirini nani anasimama upande wa pili wa meza.